Mwaloni Unaojifanya Umekufa

Nyinyi vijana, kabla hamjang'oa kitu chochote katika nchi hii, kikwaruzeni kwanza. Kwa ukucha, huu wa kidole gumba. Ningeweza kuishia hapo, maana miaka yangu yote ya bustani za mji ukiikamua linatoka hilo moja tu. Lakini mmeniomba niandike, na karatasi mmeniletea nyingi, basi vumilieni.

Kwa wale wageni kanisani ambao hawanijui, mimi ni Konsolata, Mama Nadine, yule anayekaa kiti cha mwisho karibu na mlango kwa sababu ya magoti. Magoti yenyewe niliyaacha kwenye udongo wa Bredäng na Skärholmen, hapa Stockholm, nikipanda maua na miti ya mji. Shule nilisoma madarasa machache kule Burundi, halafu tukaanza kukimbia, na ukishaanza kukimbia daftari ndilo la kwanza kuangushwa. Kwa hiyo mkiona nimekosea herufi, sahihisheni kimya kimya. Msinisomee mbele ya Mzee Mutiso, atacheka mpaka Pasaka, na yeye katika habari hii hana haki ya kumcheka mtu yeyote.

Bosi wangu wa kwanza hapa alikuwa mwanamke wa Kiswidi, Gunnel. Mrefu, mkavu, mikono kama ya fundi seremala. Sasa kwetu mtu aliyekupita umri na cheo humwiti jina tupu kama unayeita mbuzi. Siku ya kwanza nikamwita Mama Gunnel. Akaweka toroli chini.

"Mimi sina mtoto," akasema.

Nikaona nimemgusa pabaya. Kesho yake nikamwita Bosi, wenzangu wote wakageuka kunitazama. "Konsolata," akasema, "sema Gunnel. Haiumi." Nilimaliza majira yote ya baridi kabla sijaweza kulitoa jina lile bila kuinamisha kichwa.

Huyu Gunnel alikuwa na mti wake. Kila mtunza bustani ana mti wake, msimwamini anayesema anaipenda yote sawa. Wa kwake ulikuwa mwaloni, lakini si ule mwaloni mnaoujua, ule mnene wa kwenye mabustani makubwa. Ulikuwa ndugu yake ambaye hata Waswidi wengi wanampita bila salamu. Wanauita bergek, yaani mwaloni wa mlimani. Kwao hasa ni kusini na pwani ya magharibi. Huku kwetu Stockholm ni wa kutafuta. Gunnel alikuwa na mmoja aliougundua juu ya mwamba karibu na maji, akanipeleka kuuona kama mtu anayekupeleka kwa wakwe.

"Angalia jani," akasema. "Sasa angalia kokwa."

Niwaambie tofauti, ili mkitembea msiwe kama mbuzi. Mwaloni wa kawaida, kokwa zake zinaning'inia kwenye kikonyo kirefu kama hereni, na jani lake limebandikwa tawini, kikonyo hakuna cha maana. Huu wa mlimani umegeuza mambo. Jani ndilo lenye kikonyo, na kokwa zimekaa juu ya tawi moja kwa moja kama kuku anayeatamia. Na kingine: huu haudai udongo mnene. Mpe mwamba, mpe udongo mwembamba unaokauka, atashika. Usichompa ni maji ya kusimama. Ukimpanda kwenye dimbwi umemuua.

Tukaokota kokwa, mfuko mzima. Gunnel akanipa nizihifadhi kwangu mpaka Jumatatu tuzipande kwenye kitalu. Mimi ni mtoto wa wakulima. Mbegu naijua. Mahindi, maharage, mtama, kwetu mbegu unaianika mpaka ikigongana ilie, ndipo unaiweka. Nikazipanga zote juu ya kile chuma cha joto chini ya dirisha, nikazigeuza asubuhi na jioni. Nadine akitoka shule akauliza kwa Kiswidi kwa nini nyumba inanuka msitu. Nikamwambia nyamaza, hii ndiyo kazi.

Jumatatu nikampa Gunnel mfuko. Akautikisa. Kokwa zikalia vizuri kabisa, nami nikatabasamu.

"Umefanya nini?"

"Nimezianika."

Akatazama ndani ya mfuko muda mrefu. "Konsolata, umezikaanga."

Kokwa ya mwaloni ikikauka imekufa. Inataka unyevu na baridi, kama viazi gizani, na ipandwe mapema. Ukitaka kujua ipi nzima, tia kwenye ndoo ya maji: inayozama panda, inayoelea wape ndege. Tulirudi kwenye mwamba siku ileile. Zilikuwa zimebaki chache, nyingine zimeshaanza kuliwa na ndege wale wa bluu begani. Tukapiga magoti wote wawili tukazitafuta kwenye majani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kwenu mvua inakuja lini?" Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi kwenu ulikuwa sahihi." Nimefanya kazi na watu wengi, na sijasikia tena bosi akisema neno lile.

Hizo chache ndizo zilizokua. Miaka kadhaa kwenye kitalu, Gunnel akiihamisha ile miche ili mizizi isijizungushe, akiipogoa, akiipunguza. Ilipofika kimo cha kifua changu ndipo akaitafutia kazi.

Kazi ilikuwa kwenye mteremko wa nyuma ya jengo letu pale Bredäng. Letu nasema kwa sababu nilikaa pale, bado nakaa, na dirisha la jikoni linatazama palepale. Mteremko wa mawe, udongo kiganja kimoja, jua la mchana kutwa. Wakipita wazee kwenda treni walikuwa hawana pa kusimama kivulini. Mji ulipanda micheri ikafa. Ukapanda miti mingine, sijui jina, ikafa. Mtu mmoja wa ofisi ya mji akamwambia Gunnel, mbele yangu, kwamba hii ni mara ya mwisho. Mialoni yake ikifa, yaani mwaka wa pili ikifika mwisho wa Mei haijatoa majani, mteremko utamwagiwa kokoto na mambo yataisha. Na Gunnel alikuwa anastaafu mwisho wa kiangazi kinachofuata. Hakuwa na miche mingine, na ule mwaloni mama kule kwenye mwamba ulikuwa umeanguka na dhoruba.

Tuliipanda vuli. Ikashika vizuri. Halafu yakaja majira ya baridi, na hapa ndipo mnisikilize. Miti mingine yote ilipukutisha majani ikabaki uchi. Mialoni ile midogo ikakataa. Majani yakageuka kahawia, yakajikunja, yakakauka kama tumbaku, na yakashika palepale tawini. Desemba yameshika. Machi yameshika. Ndiyo tabia yake ikiwa michanga. Mimi Gunnel alikuwa ameshanionyesha: kwaruza gome kidogo kwa ukucha, ukikuta kijani chini, uko hai, muache.

Lakini mimi sikumwonyesha mtu mwingine.

Sasa kuna hii siku wanaiita städdag, siku ya usafi. Kila masika wakazi wa jengo wanatoka Jumamosi moja, wanagawiwa glavu na reki, wanasafisha uwanja, halafu wanachoma soseji. Miaka yote walikuwa wanatoka Waswidi watatu na mbwa. Mimi nikaona aibu. Nikasimama kanisani nikasema, jamani, tunakaa hapa, twendeni tukafanye kazi. Na nyinyi mnawajua wazazi wenu. Wanyarwanda wana umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kwenye damu, sisi Warundi tumekua na kazi za Jumamosi asubuhi, Wakenya wakisikia harambee wanakunja mikono. Wakaja wengi mno. Wakaja na sare za kwaya, vile vitenge vya kijani na dhahabu, kwa sababu Mzee Mutiso, kiongozi wa kwaya, alisema baada ya kazi tutaimba. Mutiso mwenyewe alitoka Hjulsta, mwisho wa laini ya bluu ya treni, kavaa koti jipya la Pasaka.

Mimi nikawekwa kwenye jiko la soseji. Nisingewekwa pale yasingetokea, lakini pia nisingewekwa pale tusingejua mapema, kwa hiyo mambo ya Mungu.

Mkaa ukawa unakwisha. Kijana mmoja akashuka na mzigo wa vijiti mkononi.

"Kuni, Mama Nadine. Kavu kabisa. Mzee Mutiso anasema ziko nyingi juu."

Nikamshukuru. Nikasukuma viwili motoni, nikageuza soseji. Moshi ukapanda mzito, mweupe, wa kuuma macho. Nikainama nipulize, nikaona kwenye ncha ya kijiti povu. Povu linachemka na kulia tss, tss. Nyinyi mmekua na jiko la umeme, hamjui. Mtu aliyepikia kuni hahitaji kuambiwa: ukuni uliokufa unawaka, ukuni ulio hai unatoa povu. Nikatazama vile vilivyobaki chini. Kimoja kilikuwa na jani la kahawia, limeshika. Jani lenye kikonyo.

Nilipanda mteremko ule nikikimbia na koleo la soseji mkononi. Magoti yalikuwa bado mazima.

Juu nilimkuta Mutiso kasimama kama mkandarasi. Nyuma yake mialoni ya Gunnel iko lundo moja, mizizi juu, upepo unaipiga. Ilikuwa imebaki michache kwenye ukingo, na mama mmoja alikuwa ameshika mmoja kiunoni anauvuta.

"Mwachie!" nikapiga kelele. "Mwachie huyo mti!"

"Wee, Mama Nadine, kuna nini?" Mutiso akasema. "Tunawasaidia. Yote ilikuwa imekufa."

"Nani kakwambia imekufa?"

"Macho yangu. Aki, si unaona? Mti mzima kiangazi kikifika unaachilia majani wenyewe. Tawi likivunjika ndipo majani yanakaukia hapohapo. Kwetu Machakos hata mtoto anajua. Jani kavu lililoshika ni jani la maiti."

Na ni kweli. Nilimtazama nikajua ni kweli, kwetu pia ni vilevile. Nikaokota mmoja kwenye lundo, nikamshika mkono Mutiso, nikachukua kidole gumba chake nikakwaruza nacho gome. Kijani. Kijani kama jani la mchicha.

Mutiso akaukwaruza wa pili mwenyewe. Wa tatu. Kisha akavua kofia.

"Ni ya nani?" akauliza polepole.

"Ya Gunnel. Na hana mingine."

Mizizi ya mti mchanga haivumilii upepo. Gunnel alikuwa anasema muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja unatosha kuiua. Nikasema leteni maji, leteni nguo. Maman Béa, Mkongomani wa ghorofa ya chini, alikuwa dirishani anatutazama. "Eh, Yezu! Iko nini tena?" Akapitisha mpira wa maji kutoka bomba la jikoni, ukatoka dirishani kama nyoka. Akina mama wakafungua vitenge vya sare, wakabaki na suruali za michezo walizovaa ndani kwa sababu ya baridi, wakalowesha vitenge na kufunga mizizi. Vitenge havikutosha. Mutiso akavua lile koti la Pasaka, akalichovya kwenye beseni, akalifunga kwenye mche uliokuwa karibu naye bila kulitazama mara mbili.

Tukailaza yote kivulini chini ya ukuta. Kisha nikampigia simu Gunnel. Alikuwa kwa dada yake nje ya mji.

"Gunnel, watu wangu wameng'oa mialoni."

"Yote?"

"Karibu yote."

"Kuna upepo?"

"Upo."

"Funika mizizi. Nakuja."

Hakuuliza nani. Alipofika, kwaya nzima ilikuwa imesimama imenyamaza, na kwaya ile kunyamaza si jambo dogo. Akatembea kando ya ule mstari wa miche iliyofungwa kijani na dhahabu kama wagonjwa wa hospitali. Akafunua koti la Mutiso, akatazama mizizi. Akakwaruza. Akaenda kwa mwingine.

Mutiso akajitokeza mbele, akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza, hotuba ya kutosha mazishi mawili. Gunnel akamkatiza.

"Una mikono?"

"Ninayo."

"Chimba."

Tulichimba mpaka giza, ambalo huku masika linachelewa, ashukuriwe Mungu. Gunnel akapita na mkasi akikata mizizi iliyovunjika, mkato safi, maana jeraha lililochanika linaoza. Akaonyesha usizike shina kupita ile alama ya zamani ya udongo, usikunje mzizi kuutosheleza shimo bali panua shimo, kanyaga kwa kisigino, mwagilia mpaka udongo unywee. Akapunguza matawi ya juu, kwa sababu mizizi michache haiwezi kulisha kichwa kikubwa. Mutiso akamuuliza, kupitia mimi, kwa nini mti huu unashikilia majani yaliyokufa.

Gunnel akafikiri. "Wengine wanasema yanalinda vichipukizi. Sijui. Labda hautaki kukaa uchi."

"Mwambie Mama Gunnel," Mutiso akasema, "kwamba mimi nitarudi kumwagilia."

Nikangoja amkatalie lile jina, maana jina la Mama Gunnel analielewa hata bila mkalimani. Hakumkatalia. Alimpa ndoo.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu, nyasi zilikuwa njano. Maman Béa alitoa mpira wa jikoni kila jioni, akilalamika kila jioni, "mimi niko mupompia sasa?", yaani mtu wa zimamoto, na hakukosa. Mutiso alikuja kutoka Hjulsta, laini ya bluu mpaka katikati ya mji, anabadilisha laini nyekundu, na ile ndoo mkononi, kwa sababu alisema ndoo aliyopewa ndiyo atakayotumia. Watu walimtazama treni nzima. Mimi nilimwambia ndoo ziko kwangu kabatini. Akasema, "Mama Nadine, niache na adhabu yangu."

Miti ilitoa majani kidogo, madogo madogo. Halafu vuli ikafika, yakageuka kahawia, yakashika.

Sasa mambo yakatugeuka. Mwaloni mchanga ulio hai unashika majani yake makavu. Na mti uliokufa ghafla, kama alivyosema Mutiso, nao unashika majani yake makavu. Majira yote ya baridi nilikunywa chai dirishani nikitazama vijiti vile vya kahawia kwenye theluji, sijui ninaangalia bustani au makaburi. Gunnel alikuwa ameshastaafu, bila kujua kama miti yake imepona. Alinipigia simu siku moja moja, tukazungumza habari za magoti, hakuna aliyeutaja mteremko.

Mutiso yeye hakuvumilia. Kila akija anakwaruza. Alikwaruza ule wa karibu na ngazi mpaka shina likawa na mistari kama rula. Nikachukua kipande cha boksi nikaandika kwa herufi kubwa MUTISO ACHA, nikakifunga kwenye tawi. Waswidi walidhani ndilo jina la mti.

Ikaja Mei. Miti mingine ikawa kijani, kila kitu kikawa kijani, mialoni kimya. Huu unachelewa, nalijua hilo, lakini kujua na kulala usingizi ni vitu viwili. Siku mtu wa ofisi alipokuja kukagua, Gunnel alikuja pia, na viatu vya kazi, ingawa hakuna aliyemwita. Maman Béa alikuwa dirishani. Mutiso alikuwa na ndoo.

Yule mtu alisimama chini akatazama rangi ya kahawia, akavuta pumzi ya kusema. Gunnel akamwambia, "Panda." Akapanda. Gunnel akashika tawi la ule wenye makovu, akaliinamisha mpaka karibu na pua ya yule mtu. Lile jani kavu lilikuwa bado limeshika, lakini chini yake kichipukizi kilikuwa kimepasuka, na kijani, chekundu kidogo pembeni, kilikuwa kinalisukuma. Jani likaanguka palepale, kwenye kiatu chake.

Tukapita mmoja mmoja. Ya juu kabisa, kwenye mwamba mtupu, ilikuwa imekufa kweli. Gunnel aliikwaruza, akaipapasa, akaing'oa mwenyewe. Lakini mingi zaidi ilikuwa inasukuma. Mtu wa ofisi akauliza ni mwaloni gani huu, hajauona mjini. Gunnel alimweleza jani na kokwa kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza. Kokoto haikuja.

Sasa miti ile inapita kichwa changu kwa mbali, na ya chini ina kivuli cha kutosha wazee wawili na mizigo yao. Masika haya yaliyopita, siku ya usafi, nilikuwa dirishani. Msichana mmoja aliyehamia karibuni alikuwa anapanda na mkasi mkubwa wa matawi, anaelekea kwenye mche mdogo ambao Gunnel alituletea baadaye, wa kahawia, umeshika majani yake. Kabla sijafungua dirisha nikamwona Mutiso. Alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha kukunja, fimbo magotini. Ametoka Hjulsta. Hakai jengo hili, hajawahi kukaa, lakini siku ile haikosi.

Hakumpigia kelele. Alimnyooshea kidole gumba, akamwonyesha ukucha, akaonyesha mti. Msichana akacheka, akakwaruza, akainama kutazama.

"Den lever," Mutiso akamwambia. Uko hai. Kiswidi chake kingine chote ni cha kuungaunga, lakini maneno hayo mawili anayasema kama aliyezaliwa hapa.

Nendeni mkauone mteremko ule. Mkishuka treni Bredäng, muulizeni yeyote. Mkwaruze mkitaka, kidogo tu. Ila ule wa karibu na ngazi, wenye makovu, msiuguse. Huo umeshajibu.